Trigga kama mkwiro: kutoa sauti za ngoma kwenye sintesaiza ya moduli

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina sintesaiza ndogo ya moduli: osileta moja ya kutoa mawimbi ya sauti, chanzo cha kelele nyeupe (ile "shhh"), filta moja ya kuchuja sauti yenye matundu matatu ya kutolea sauti (chini, kati na juu), enivelopu moja ya ADSR ya kuongoza sauti inavyopanda na kufifia, VCA mbili za kufungua na kufunga sauti kwa volti, na sikwensa ya kupanga mapigo yenye matundu manne ya trigga. Nataka kutengeneza ngoma. Nilichomeka trigga moja kwa moja kwenye VCA, osileta nikaishusha chini kabisa, lakini ninachosikia ni "tik" tu, kama ukucha unagonga meza. Nikapitisha trigga kwenye ADSR, nikafungua nobu ya D mpaka mwisho, bado ni "tik" ile ile. Nikitumia kinanda badala ya sikwensa, sauti inatoka ndefu na nzuri. Je, sikwensa yangu ni mbovu? Na nikitaka ngoma ya besi, sneya (ngoma yenye nyuzi) na haihati (matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa), ni lazima ninunue moduli za ngoma zilizo tayari?

Jibu: Marahaba. Sikwensa yako ni nzima, na moduli ulizotaja zinatosha kabisa kuanzia. Tuanze na hiyo "tik", maana ukiielewa vizuri, mengi yatakayofuata yatajifungua yenyewe.

Trigga ni volti inayopanda ghafla na kushuka kufumba na kufumbua. Kwenye Eurorack, ambao nadhani ndio mfumo ulio nao, kwa kawaida hupanda hadi volti 5 au zaidi, nyingine hufika 8 au 10, hukaa pale juu milisekunde chache, kisha hurudi sifuri. Tuchukulie kwamba ya kwako inadumu milisekunde 5. Ulipoichomeka kwenye VCA, ulifungua mlango kwa milisekunde 5 ukaufunga. Sasa osileta umeishusha, tuseme iko hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Wimbi moja la hezi 50 linahitaji milisekunde 20 kukamilika. Kwa hiyo kilichopita mlangoni ni robo ya wimbi moja. Sikio halina namna ya kutambua noti kwenye robo ya wimbi. Linasikia mlango ukifunguka na mlango ukifungwa, basi, na hiyo ndiyo "tik" yako.

Jaribio lako la pili lilikuwa wazo sahihi, ila uligusa nobu isiyohusika. Kumbuka ADSR inavyotembea: A ni muda wa kupanda, D ni muda wa kushuka mpaka kiwango cha S, S hushikilia kiwango hicho maadamu geti bado iko juu, na R ni muda wa kufifia baada ya geti kushuka. Ukibonyeza kinanda, kinatoa geti, yaani volti inayobaki juu kwa muda wote kidole kiko pale, kwa hiyo D inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Trigga haitoi nafasi hiyo. Inapanda, na kabla D haijasogea popote, imeshashuka, na enivelopu inarukia moja kwa moja kwenye R. Nobu yako ya R bila shaka ilikuwa imefungwa. Weka A sifuri, S sifuri, kisha fungua R polepole huku sikwensa ikipiga: utasikia "tik" ikigeuka "tuk", halafu "tuum". D nayo iweke usawa mmoja na R, ili ngoma ifanane hata siku utakapoipiga kwa geti. Na A uiache chini kabisa. Ukiiweka milisekunde 20 wakati trigga ni ya milisekunde 5, enivelopu itageuzwa njiani kabla ya kufika kileleni, na sauti itatoka dhaifu bila wewe kujua kwa nini.

Kuna enivelopu za aina nyingine, zenye A na D peke yake. Hizo zikishapigwa trigga hukimbia safari yao yote hadi mwisho, hata trigga iwe fupi kiasi gani. Kwa ngoma ndizo nizipendazo, na nitazirudia mwishoni ukifika wakati wa kuongeza kitu.

Kwenye hayo yote tumeitumia trigga kama amri: "anza sasa". Enivelopu inaangalia tu kama volti imevuka kizingiti fulani. Trigga iwe na volti 5 au 10, iwe ya milisekunde 2 au 8, kwa enivelopu ya A na D ni mamoja. Lakini ipo njia ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya ngoma za moduli. Hapo trigga ni mkwiro wenyewe, fimbo inayogonga ngozi. Unaipeleka kwenye kitu kinachoweza kuvuma, nacho kinavuma. Unene wa fimbo, uzito wa pigo na muda wa kugusana vyote vinasikika. Nitaeleza njia zote mbili, ila usishangae nikikaa zaidi kwenye hii ya pili.

Kwanza besi kwa njia ya amri, kwa vifaa vyako. Chukua wimbi la sini kutoka kwenye osileta. Kama huna sini, pembetatu linatosha. Liweke hezi 50 hivi, lipeleke VCA, na ADSR ifungue VCA kama nilivyoeleza, R ikiwa kati ya milisekunde 200 na 400. Utapata mlio mzito lakini usio na pigo, kama mtu anayeguna. Ngoma halisi ikipigwa, ngozi hujivuta kwa nguvu mwanzoni, sauti ikaanza juu kidogo na kushuka haraka. Inabidi tuige mshuko huo kwa kusukuma sauti ya osileta juu kwa muda mfupi sana.

Watu wengi huchukua enivelopu ile ile ya VCA na kuichomeka pia kwenye tundu linaloongoza masafa ya osileta, wanapata "piuuu" kama bunduki ya michezo ya kompyuta. Sababu ni hesabu tu. Osileta inapanda oktavo moja kwa kila volti 1. Enivelopu ya volti 8 inaisukuma oktavo 8, kutoka hezi 50 hadi 12,800. Unachohitaji ni oktavo 3 hivi, yaani volti 3, inayokufikisha hezi 400. Tena mshuko huo unatakiwa uishe ndani ya milisekunde 30 hadi 60, wakati sauti yenyewe inaendelea kuvuma.

Wewe una enivelopu moja tu. Basi tumia trigga. Igawanye mara mbili: tawi moja liende ADSR, tawi la pili lipite kwenye kipunguza volti mpaka libaki volti 3, kisha liingie kwenye tundu hilo la masafa la osileta. Kwa milisekunde 5 osileta itaimba hezi 400, ambazo ni mizunguko miwili kamili, halafu itaanguka hadi 50. Hiyo mizunguko miwili ndiyo pigo. Ukitaka mshuko ulio laini zaidi, pitisha tawi hilo kwenye moduli ya kulainisha volti, ile ambayo wapiga kinanda huitumia kuteleza kutoka noti hadi noti. Pigo litageuka kutoka "tak" ya mti hadi "dum" ya ngozi.

Jambo moja kabla hatujaiacha besi hii. Osileta haisimami, inazunguka muda wote hata VCA ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kila trigga inaikuta mahali tofauti kwenye wimbi, na kila pigo linaanza tofauti: mara kali, mara butu. Kama osileta yako ina tundu la kuilazimisha ianze upya, mpe trigga hapo pia. Mapigo yote yatafanana. Kama haina, usihuzunike sana. Ile tofauti ndogo huifanya ngoma iwe na uhai, ingawa kwa muziki wa dansi ulio mkali utaichukia.

Sasa tuje kwenye mkwiro.

Chomoa osileta. Ndiyo, iweke pembeni. Chukua trigga kutoka kwenye sikwensa, ichomeke kwenye tundu la kuingizia sauti la filta, mahali ambapo kwa kawaida ungeingiza osileta. Toa sauti kwenye tundu la kati. Fungua rezonansi, nobu inayoifanya filta ivume yenyewe, polepole mpaka filta ianze kupiga mluzi yenyewe, halafu irudishe nyuma kidogo tu, hadi mluzi unyamaze. Anzisha sikwensa. Utasikia ngoma, bila osileta, bila enivelopu, bila VCA: kebo mbili tu, moja ya kuingia na moja ya kutoka.

Kinachotokea ni kile kile kinachotokea kwenye bakuli la shaba ukiligonga. Filta yenye rezonansi kubwa huhifadhi nishati na kuizungusha ndani yake kwa masafa iliyotegewa. Trigga inaitia nishati kwa mkupuo, nayo inaimba huku ikiipoteza mzunguko baada ya mzunguko. Nobu ya masafa ya filta ndiyo inayowamba ngozi. Rezonansi ndiyo inayoamua mvumo udumu kiasi gani, na wahandisi huipima kwa herufi Q. Kama Q ni 20, mvumo huzunguka kama mara 20 kabla ya kushuka hadi karibu asilimia 4 ya ulivyoanza. Kwa hiyo filta ile ile yenye Q ile ile ikitegwa hezi 200 itanyamaza, kwa maana ya kushuka desibeli 60, ndani ya sekunde 0.22 hivi. Ukiishusha hadi hezi 50 itachukua karibu sekunde 0.9. Ngoma kubwa inavuma zaidi kuliko ndogo, na wewe hujagusa kitu kingine chochote. Kila nikiipiga filta namna hii, uwiano huo unaokuja wenyewe hunifurahisha kama mara ya kwanza.

Njia hii si ya leo. Ngoma ya besi ya Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, ni ndugu wa filta yako. Ndani yake hamna osileta ya kawaida inayozunguka muda wote ikisubiri mlango ufunguliwe. Mna sakiti inayovuma, na kila trigga ikija inaigonga.

Na hapa ndipo urefu wa trigga unapoacha kuwa jambo dogo. Nilijifunza hili kwa taabu. Nilikuwa natengeneza ngoma tatu za kupokezana kwa filta moja, sikwensa ikibadilisha masafa yake kila hatua: hezi 110, 200, 310. Ya kwanza ilivuma vizuri, ya tatu ilivuma vizuri, ya katikati ilikuwa kimya, mguno tu wa mbali. Nikabadilisha kebo. Nikahamia tundu jingine la trigga. Nikahisi hatua ya pili ya sikwensa imekufa, nikaihamishia ile sauti hatua ya nne, kimya kikahama nayo. Niliposogeza masafa hadi hezi 230 ngoma ikaanza kurudi, dhaifu. Mwishowe nikachomeka osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini. Nikaona mvumo ukianza trigga ilipopanda, na mvumo wa pili, uliogeuzwa kichwa chini, ukianza trigga iliposhuka. Trigga ilikuwa ya milisekunde 5. Mzunguko mmoja wa hezi 200 ni milisekunde 5. Mvumo wa pili uliingia pale pale wa kwanza ulipokamilisha mzunguko wake, ukaufuta. Kilichobaki ni kile kidogo ambacho mvumo wa kwanza ulikuwa umeshakipoteza katika mzunguko huo mmoja.

Maana yake ni kwamba trigga inagonga mara mbili: ikipanda na ikishuka. Muda kati ya mapigo hayo ukiwa sawa na mzunguko mzima, yanauana. Ukiwa nusu ya mzunguko, yanasaidiana na ngoma inatoka kwa nguvu zote. Kwa trigga ya milisekunde 5, hezi 100 inapendelewa, hezi 200 inazimwa, hezi 300 inarudi, hezi 400 inazimwa tena. Nilipoifupisha trigga hadi milisekunde 2, shimo la kwanza lilihamia hezi 500, na ngoma zangu tatu zikavuma zote.

Lakini usikimbilie kufikiri kwamba fupi ndiyo bora siku zote. Besi ya hezi 50 ukiigonga kwa trigga ya milisekunde 1, mapigo mawili yanakaribiana mno kiasi kwamba la pili linaanza kulifuta la kwanza kabla filta haijasogea. Ukitumia ya milisekunde 10, ambayo ni nusu ya mzunguko wa hezi 50, mvumo unatoka mkubwa mara sita hivi. Wapigaji wa ngoma wanalijua hili mikononi mwao: ngoma kubwa hupigwa kwa mkwiro mnene uliofungwa kitambaa, unaokaa kwenye ngozi kitambo, na ngoma ndogo kwa kijiti chembamba kinachogusa na kuruka. Wewe kitambaa chako ni ile moduli ya kulainisha volti. Ipitishe trigga humo kabla ya filta, mlio wa "tik" wa mwanzo unapungua, mvumo unabaki.

Sikwensa nyingi zina mahali pa kubadilisha urefu wa trigga. Kama yako haina, ADSR inaweza kukutengenezea mkwiro: A sifuri, S sifuri, R milisekunde chache, kisha tokeo lake liende kwenye tundu la kuingizia sauti la filta. Hapo umbo lote la pigo liko mikononi mwako. Tena enivelopu hiyo hushuka kwa mteremko, haikatiki ghafla, kwa hiyo pigo la pili la kufuta linalegea.

Ukiingiza geti ndefu, tuseme ya milisekunde 100, mapigo mawili yanasikika waziwazi: "ta-ka". Ukiwa hukuyatarajia utadhani sikwensa inarudia. Ukiyataka, ni hazina: badilisha urefu wa geti kila hatua, na ngoma yako itapata yale mapigo madogo ya kutangulia ambayo mpigaji mzuri huyafanya kwa mkono wa kushoto.

Sneya ni ndoa ya vitu viwili, mwili na nyuzi. Mwili ni filta iliyogongwa, mahali fulani kati ya hezi 150 na 200, kwa mvumo mfupi. Angalia ile hesabu ya juu: kwa trigga ya milisekunde 5 usiuweke karibu na 200. Ama ushushe hadi 150, ama ufupishe trigga. Nyuzi ni kelele nyeupe inayopita VCA, ikifunguliwa na ADSR iliyopigwa trigga hiyo hiyo, R ikiwa milisekunde 150 hivi. Changanya, ukianza na kelele nyingi kuliko unavyodhani inafaa. Kosa ninalolisikia zaidi ni mwili kuwa mkubwa mno, sneya ikageuka ngoma yenye mafua. Ukipata filta ya pili siku zijazo, ikate kelele chini ya hezi 1,000, mwili upate nafasi ya kupumua.

Haihati ni nyepesi. Kelele nyeupe, filta kwenye tundu la juu ikitegwa hezi 7,000 au zaidi, enivelopu ya milisekunde 40 kwa iliyofungwa na 300 au 400 kwa iliyo wazi. Ukitaka chuma halisi, kelele haitoshi. TR-808 inatumia osileta sita za wimbi mraba zisizopatana, zikachujwa juu, kwa haihati na matoazi. Kengele yake ni mbili tu kati ya hizo, karibu hezi 540 na 800. Neno la msingi ni kutopatana: mawimbi yakiwa kwenye uwiano mzuri wa muziki yatasikika kama noti, yakikwaruzana yatasikika kama bati. Makofi nayo ni kelele ile ile, ikipigwa trigga tatu au nne za haraka zilizoachana milisekunde 10 hivi, na ya mwisho ikiachwa ififie kwa muda.

Kuna kifaa ambacho huna ila ni lazima nikutajie, maana kimezaliwa kwa ajili ya mapigo: LPG. Ni VCA na filta vikiwa kitu kimoja, kazi ya Don Buchla wa Marekani, na moduli yake ya 292 ya miaka ya 1970 bado inaigwa hadi leo. Nyingi zina vaktroli ndani: taa ndogo ya LED iliyofungiwa gizani pamoja na rezista inayobadilika kwa mwanga. Trigga inaiwasha taa, rezista inaitikia upesi, lakini taa ikizimika rezista hiyo inachelewa kurudi. Uchelewevu huo ndio enivelopu yako, hujachomeka nyingine. Na kwa sababu sauti za juu zinafifia kabla ya za chini, osileta ya kawaida inatoka kama mti uliogongwa, kwani mti nao hufifia hivyo hivyo. Angalizo moja: trigga ya milisekunde 1 au 2 inaweza kuwa fupi mno kuiwasha taa vizuri. Hapo irefushe hadi milisekunde 10 au 20 kabla ya kulaumu moduli.

Kwa kweli kila kitu chenye kuvuma kinaweza kupigwa. Kama una moduli ya mwangwi yenye muda mfupi sana, ipige kwa mlipuko mdogo wa kelele: mwangwi wa milisekunde 5 unaojirudia kwa nguvu huimba kama uzi wa hezi 200. Mwangwi wa springi ukiupiga trigga kavu hutoa radi. Jaribu kwa sauti ya chini kwanza; masikio hayana vipuri.

Sasa nguvu ya pigo, jambo ambalo hukuliuliza lakini utaliuliza wiki ijayo. Ngoma ambazo kila pigo lina uzito mmoja zinachosha haraka. Kwenye njia ya amri, kupunguza volti ya trigga hakusaidii kitu: enivelopu itaanza vile vile, na ukipunguza mno haitaanza kabisa. Inabidi upeleke volti nyingine ya sikwensa kwenye VCA ya pili, baada ya ile ya kwanza. Kwenye njia ya mkwiro, mambo ni mepesi: pitisha trigga yenyewe ndani ya VCA kabla ya filta, na VCA hiyo uiongoze kwa volti ya sikwensa. Trigga ndogo, pigo dogo. Ndivyo hasa nobu ya mkazo ya TR-808 inavyofanya kazi, inabadilisha kimo cha trigga inayogonga sakiti. Filta nyingi zikigongwa kwa nguvu zaidi huchafuka kidogo mwanzoni, kama ngozi inavyolalamika, kwa hiyo pigo la nguvu linabadilika rangi pamoja na sauti kuongezeka. VCA iliyowekwa mwishoni haiwezi kukupa hilo.

Mambo machache ya kukuokoa usiku wa manane. Moduli ikikataa kuitikia trigga, angalia kimo kwanza. Kuna moduli ambazo volti 5 haziwatoshi kuvuka kizingiti. Vifaa vya zamani, kama Korg MS-20 au sintesaiza za Moog za awali, vinatumia trigga ya kinyume, ambayo kazi yake ni kuunganisha waya na ardhi, na havitaelewana na Eurorack bila kigeuzi. Kugawa trigga moja kwenda sehemu nyingi ni salama. Kuunganisha trigga mbili kwenye tundu moja kwa kebo za kupandana si salama, kwa sababu matokeo mawili yanavutana na moja linaweza kuungua; tumia mchanganyiko wa mantiki, ule unaosema "hii au ile". Na mfifio ukisikika kama umekatwa kwa mkasi, angalia VCA: ukioanisha enivelopu yenye mkunjo na VCA yenye mkunjo, sauti inakwisha mapema mno. Moja kati yake iwe ya mstari ulionyooka.

Kuhusu kununua: usinunue moduli ya ngoma iliyo tayari kwa sasa. Ukipata fedha, tafuta filta ya pili yenye rezonansi inayofika hadi mluzi, kisha enivelopu mbili za A na D. Hapo utakuwa na besi, sneya na haihati kwa wakati mmoja, zote za kwako. Mpaka wakati huo rekodi moja baada ya nyingine. Anza na filta, kebo mbili na rezonansi karibu na mluzi. Ikishavuma, badilisha urefu wa trigga kabla ya kugusa nobu nyingine yoyote.